Moyo umetoweka kwenye skani ya MIBG: ni ugonjwa wa Lewy au ni kitu kingine?

Picha ya kifua ya skani ya MIBG, inayoonyesha neva za moyo, iko kwenye skrini. Ini linang'aa, mapafu yanaonekana kwa mbali, na mahali pa moyo pana giza tupu. Mgonjwa mwenyewe ana demensia na huona watu wasiokuwepo chumbani. Hapo mkono unawasha kuandika mstari mmoja, "inaafikiana na ugonjwa wa miili ya Lewy" (vibonge vya protini vinavyoharibu ubongo na neva), kisha aitwe anayefuata. Mara nyingi mstari huo utakuwa sahihi. Shida ni kwamba giza hilohilo huweza kuletwa na kidonge cha amitriptilini cha kila usiku, na shambulio la moyo la miaka iliyopita, au na kisukari kilichokula neva polepole. Na kuna namba zinazotoka ndogo kwa sababu ya kolimeta tu, yaani sahani ya risasi yenye matundu iliyo mbele ya kamera; mgonjwa hana hatia yoyote.

Mwongozo huu unaanza na kinachoonekana kwenye picha au kwenye hesabu, halafu unarudi nyuma kutafuta chanzo. Kwetu, Lewy ni mshukiwa wa mwisho kushitakiwa.

Kwanza, kinachopimwa

MIBG ni molekuli inayofanana na norepinefrini, kemikali ambayo neva hutumia kupeleka ujumbe. Ncha za neva za simpathetiki moyoni, zile zinazouhimiza moyo upige kwa kasi, huidaka kwa kisafirishi kilekile kinachorudisha norepinefrini ndani ya neva, kisha huihifadhi kwenye vifuko vyake. Vimeng'enya vinavyovunja norepinefrini haviigusi MIBG, kwa hiyo inakaa humo kwa saa kadhaa. Ikibebeshwa iodini-123, yenye nusu-maisha (muda wa kupungua hadi nusu) ya saa 13.2 na mionzi ya gama ya 159 keV, gama kamera inaweza kuona ni neva kiasi gani bado ziko hai.

Katika ugonjwa wa Parkinson na demensia ya miili ya Lewy, protini ya alfa-sinukleini hujikusanya ndani ya neva hizo za baada ya ganglioni (kituo ambapo neva moja hupokezana ujumbe na nyingine). Uharibifu huanzia nchani, ndani ya moyo, ukipanda kuelekea ganglioni. Neva zikishakufa hakuna wa kuidaka MIBG, na moyo haung'ai. Kwa Alzheimer neva hizi huwa nzima. Kwa MSA, ugonjwa mwingine wa neva unaofanana na Parkinson, uharibifu uko juu zaidi, kabla ya ganglioni, hivyo ncha za moyoni kwa kawaida husalimika. Hilo ndilo linaloipa skani hii thamani yake: skani ya dopamini ya ubongo, DAT, huharibika kwa Parkinson, kwa MSA na kwa PSP (nao unafanana na Parkinson) vilevile, na haiwezi kukuambia ni ipi.

Namba ni tatu. Uwiano wa mng'ao wa moyo kwa ule wa mediastino (nafasi ya katikati ya kifua, kati ya mapafu), unaoandikwa H/M, kwenye picha ya awali (dakika 15 hadi 30 baada ya sindano). Uwiano huohuo kwenye picha ya baadaye (saa 3 hadi 4). Na kiwango cha uvujaji, yaani asilimia ya MIBG iliyotoka moyoni kati ya picha hizo mbili. Kwa kolimeta ya nishati ya kati na vipimo vilivyosanifishwa Japani, ambako skani hii imetumika kwa wingi kuliko kwingine, kikomo cha chini cha kawaida cha H/M ni 2.2, na uvujaji wa kawaida hauzidi asilimia 34.

Moyo hauonekani kabisa, awali wala baadaye

Anza na sindano. Ini na tezi za mate vikionekana vizuri, dawa iliingia mwilini. Vikiwa hafifu navyo, piga picha ya mkono uliochomwa: doa linalong'aa karibu na kanyula (mrija mdogo wa kwenye mshipa) maana yake dawa ilimwagika nje ya mshipa, na skani hiyo haisomeki. Dozi ya kawaida ni 111 MBq (kipimo cha wingi wa mionzi) katika itifaki ya Kijapani, na kwingine hufika 370 MBq. Huchomwa polepole kwa dakika 1 hadi 2 na kusukumwa kwa salaini, baada ya mgonjwa kulala ametulia kwa dakika 15 hadi 30. Kuna kosa dogo linalorudiarudia: salaini inasahaulika, sehemu ya dozi inabaki kwenye mpira wa kanyula, na picha inatoka na chembechembe. Moyo hautatoweka kwa kosa hilo peke yake, lakini mipaka yake itakuwa ya kubahatisha.

Hatua ya pili ni orodha ya dawa, na hapa ndipo skani nyingi huharibika. Usikubali orodha iliyoandikwa kwenye fomu ya rufaa peke yake. Mwambie anayemhudumia mgonjwa alete vidonge vyote kwenye mfuko, pamoja na dawa za mafua alizojinunulia. Unachotafuta ni vitu viwili: dawa inayoziba kisafirishi, na dawa inayomwaga vifuko.

Dawa za sonona za kundi la zamani, yaani amitriptilini, imipramini, klomipramini na ndugu zao, ndizo wakorofi wakuu. Amitriptilini hutolewa sana kwa usingizi na kwa maumivu ya neva, kwa hiyo mgonjwa ataapa kwamba hatumii dawa yoyote ya sonona, naye atakuwa anasema kweli kwa jinsi alivyoelezwa. Venlafaxini na duloxetini huziba kisafirishi hichohicho. Tramadoli pia. Labetaloli ni ya kushangaza kidogo kwa sababu ni ya shinikizo la damu, na watu huiweka kapu moja na dawa nyingine za beta. Hizo nyingine kwa kawaida hazina haja ya kusimamishwa. Labetaloli lazima isimame. Reserpini humwaga vifuko. Pseudoefedrini, efedrini na fenilefrini zimo kwenye vidonge na matone ya kuzibua pua. Metilfenidati, amfetamini na kokeini zote huingilia. Dawa za saikosisi kama haloperidoli na zile za kundi la klopromazini nazo zimo kwenye orodha.

Kanuni ya kusimamisha ni nusu-maisha tano za dawa yenyewe. Kwa pseudoefedrini hiyo ni kama siku 2. Labetaloli hupewa siku 3. Amitriptilini huchukua wiki moja au zaidi, kwa sababu mwili huigeuza kuwa nortriptilini ambayo nayo huziba kisafirishi na hutoka polepole. Reserpini ipe wiki mbili, na sindano za saikosisi za kukaa muda mrefu, mwezi. Venlafaxini hutoka haraka, lakini haikatwi ghafla: mgonjwa atapata kizunguzungu na wasiwasi mkali. Hupunguzwa hatua kwa hatua, na anayeamua ni daktari aliyeiandika, si idara ya skani. Ikiwa dawa haiwezi kusimama bila hatari, ni afadhali skani isifanyike kuliko ifanyike na kusomwa vibaya.

Levodopa haihitaji kusimamishwa. Dawa za demensia kama donepezili kwa kawaida huachwa ziendelee.

Jambo la pembeni, lakini zito: ukikuta haloperidoli kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na Lewy, usiishie kuiona kama kikwazo cha skani. Wagonjwa hawa wanaweza kukakamaa vibaya, kupoteza fahamu, hata kufa kwa dawa za aina hiyo. Mpigie daktari wake simu siku hiyohiyo.

Ipo dokezo moja ndani ya picha yenyewe. Tezi za mate nazo zina neva za simpathetiki. Moyo ukiwa umetoweka na tezi za mate zimefifia sana, shuku dawa kabla ya kitu kingine chochote. Picha ya ziada ya dakika chache ikiingiza shingo na taya inatosha kuliona hilo. Ni dokezo tu, halitoi hukumu.

Hatua ya tatu ni moyo wenyewe. Uliza kuhusu shambulio la moyo, moyo kushindwa kusukuma damu, upandikizaji wa moyo, ugonjwa wa misuli ya moyo, na amiloidi (protini inayorundikana kwenye viungo) ya aina ya transtairetini, ambayo hushambulia moyo na neva zote mbili. Uliza kisukari kimekaa miaka mingapi, na kama miguu ina ganzi au mgonjwa huzirai akisimama. Figo zilizochoka sana nazo huvuruga, kwa sababu MIBG hutoka kwa mkojo: mandharinyuma ya damu hubaki juu na uwiano hushuka.

Mgonjwa akipita hatua zote tatu bila doa, moyo uliotoweka unabaki na maelezo machache mno. Sasa andika Lewy.

H/M iko mpakani, au hospitali mbili zimetoa namba tofauti kwa mtu mmoja

Hapa mgonjwa si wa kwanza kuulizwa. Iulize kolimeta.

Iodini-123 hutoa zaidi mionzi ya 159 keV, lakini takriban asilimia 1.4 ya miozo hutoa miale ya 529 keV. Ni michache, ila ina nguvu ya kupenya kuta nyembamba za risasi za kolimeta ya nishati ndogo. Ikipenya hutawanya ukungu picha nzima, mediastino pamoja na moyo. Mediastino, ambayo ilipaswa kuwa na giza, inapanda, na uwiano unasukumwa kuelekea 1. Kolimeta ya nishati ya kati ina kuta nene, na ukungu huo ni mdogo. Ndiyo maana mtu mwenye moyo mzima anaweza kupata 1.8 kwenye kamera moja na 2.3 kwenye nyingine siku hiyohiyo.

Suluhisho ni fantomu ya kusanifisha: chombo cha plastiki chenye uwiano unaojulikana, kinachopigwa picha kwa kila kamera na kila kolimeta ili kupata mgawo wa ubadilishaji wa mfumo huo. Mgawo wa kiwango cha nishati ya kati ni 0.88. Kolimeta za nishati ndogo zenye ung'avu mkubwa hukaa karibu na 0.55. Hesabu ni fupi. Toa 1 kwenye H/M uliyopima, zidisha kwa 0.88, gawa kwa mgawo wa mfumo wako, kisha ongeza 1.

Tuseme mfumo una mgawo wa 0.55 na mgonjwa amepata 1.80. Baki ni 0.80. Zidisha kwa 0.88 ugawe kwa 0.55, ambayo ni sawa na kuzidisha kwa 1.6, upate 1.28. Ongeza 1: 2.28. Huyu yuko ndani ya kawaida. Aliyesoma 1.80 ghafi na kuilinganisha na kikomo cha 2.2 kutoka kwenye makala ya kituo kingine ameshampa mtu ugonjwa usiokuwepo. Mwenzake aliyepata 1.70 kwenye mashine hiyohiyo anaishia 2.12, yaani chini ya mpaka. Tofauti ya 0.10 ghafi imekuwa 0.16, na imewatenganisha kila mmoja upande wake.

Usichukue mgawo wa kolimeta yenye jina linalofanana na yako. Kampuni tofauti hutumia jina lilelile kwa kolimeta zenye kuta za unene tofauti. Pima yako. Kama huna fantomu, lililo bora ni kutumia kolimeta ya nishati ya kati kila mara na kukusanya vipimo vya watu wasio na ugonjwa kutoka kwenye mashine yako, huku ukikubali kwamba vikomo vya makala za wengine si vyako. Dirisha la nishati liwe asilimia 20 kuzunguka 159 keV, picha ya mbele ya kifua kwa dakika 5 hadi 10, na muda huohuo kwa picha zote mbili.

Kolimeta ikishasafishwa na lawama, geukia mahali ulipochora. Makosa mawili hutokea mara kwa mara, na kila moja huvuta upande wake. La kwanza ni eneo la mediastino kupanda juu mno na kugusa ukingo wa tezi ya thairoidi. Chukua moyo wenye wastani wa 100 kwa pikseli na mediastino ya 50: uwiano ni 2.0. Mediastino ikisoma 58 kwa sababu ya thairoidi, uwiano unashuka hadi 1.72. La pili ni eneo la moyo kulamba ini. Kwa mgonjwa mnene, au aliyelala huku diaframu imepanda, sehemu ya kushoto ya ini hukaa karibu kabisa na ncha ya chini ya moyo. Moyo uleule wa 100 unasoma 115, uwiano unakuwa 2.3, na mgonjwa wa Lewy ametangazwa mzima.

Mediastino ichorwe kama mstatili katikati ya kifua, sehemu ya juu, chini ya thairoidi, pale penye giza zaidi kati ya mapafu mawili. Upana wa karibu asilimia 10 ya upana wa mwili na urefu wa karibu asilimia 30 ya mediastino hufanya kazi vizuri. Moyo uchorwe kwa duara au umbo linalofuata ventrikali ya kushoto. Pale moyo usipoonekana kabisa, ongeza mwangaza wa picha hadi kingo za mapafu zijitokeze. Pengo kati ya pafu la kushoto na ini ndipo moyo ulipo. Chora hapo duara la ukubwa unaostahili moyo. Kilichokatazwa ni kufukuza kidoa chochote kinachong'aa na kukiita moyo, kwa sababu mara nyingi ni kipande cha pafu au cha ini. Tumia umbo lilelile na ukubwa uleule kwenye picha ya awali na ya baadaye, na mkono wa mgonjwa uwe mahali palepale. Programu zinazochora nusu kwa nusu zenyewe hupunguza tofauti kati ya wasomaji. Kama kituo kina wasomaji watatu na hakina programu hiyo, wachore wote skani zilezile kumi kimyakimya, halafu linganisheni. Matokeo huwa funzo.

Thairoidi yenyewe huzuiwa ising'ae kwa kumpa mgonjwa iodidi ya potasiamu, miligramu 130 kwa mtu mzima, saa moja hivi kabla ya sindano, kama hana mzio wala ugonjwa wa thairoidi unaokataza. Haibadilishi chochote moyoni. Inakuondolea taa jirani na mediastino, na inakinga tezi dhidi ya iodini huru.

Uvujaji umetoka mkubwa lakini H/M ni nzuri

Kabla ya kufikiria chochote kuhusu neva, uliza kama hesabu ilirekebishwa kwa kuoza kwa iodini. Katika saa 4 mionzi ya iodini-123 hushuka hadi asilimia 81 hata kama hakuna hata chembe moja ya MIBG iliyoondoka moyoni. Asilimia 19 imekwenda kwa saa tu.

Mfano: awali moyo ni 200 na mediastino 80, tofauti 120, H/M 2.5. Baada ya saa 4 moyo ni 130 na mediastino 56, tofauti 74, H/M 2.32. Bila marekebisho, uvujaji ni 120 kutoa 74, gawa kwa 120: asilimia 38, juu ya kikomo. Ukirekebisha, 74 inazidishwa kwa 1.233 na kuwa 91. 120 kutoa 91, gawa kwa 120, ni asilimia 24. Hali ya kawaida kabisa. Kumbuka pia kuandika saa halisi za picha zote mbili, si saa zilizopangwa. Mgonjwa aliyekwenda kula akarudi baada ya saa 5 akarekebishwa kama wa saa 4 anapata namba isiyo yake.

Marekebisho yakiwa yamefanyika na uvujaji bado ni mkubwa, basi neva zinadaka lakini hazishiki. Hiyo ni picha ya moyo unaoshindwa kusukuma damu, ambako mfumo wa simpathetiki unaendeshwa kwa nguvu wakati wote. Ni picha pia ya hatua za mwanzo za Parkinson, pale awali inapokuwa karibu na kawaida na ya baadaye imeshuka. Ndiyo sababu ya kuipa picha ya baadaye uzito zaidi. Vituo vinavyoruka picha ya saa 3 hadi 4 ili kuokoa muda vinajinyima kipimo chenye makali zaidi.

Pengo liko upande mmoja wa moyo

Lewy kwa kawaida hufifisha moyo mzima. Pengo lenye kingo linalofuata eneo la mshipa mmoja wa koronari linaelekeza kwenye shambulio la moyo, na neva hufa eneo pana kuliko kovu lenyewe kwa sababu hazivumilii ukosefu wa damu kama misuli inavyovumilia. Fanya skani ya mtiririko wa damu ya moyo, siku nyingine ili iodini isichanganyike na teknetiamu. Mtiririko ukiwa na pengo palepale, chanzo ni moyo. Mtiririko ukiwa mzima na MIBG imetoweka pande zote, shuku ya Lewy inapata nguvu. Upungufu hafifu wa ukuta wa chini kwa mzee usikutishe. Huonekana hata kwa wazima.

MIBG safi, mgonjwa ni Lewy mtupu kwa macho

Ana maruweruwe ya wanyama na watoto yanayojirudia, akili inapanda na kushuka ndani ya siku moja, anapiga mateke na kupayuka akiigiza ndoto, anatembea kwa uzito. H/M ni 2.9. Hapo skani haimfuti Lewy. Utafiti wa Japani wa vituo 10 na wagonjwa 133, uliochapishwa mwaka 2015, ulipata uwezo wa kunasa wa karibu asilimia 69 na usahihi wa kuwaacha wasio nao wa karibu asilimia 89, kati ya demensia ya miili ya Lewy na Alzheimer. Kwa lugha ya kliniki: kati ya wagonjwa kumi wa Lewy, watatu hivi hupita na moyo unaong'aa.

Sababu zipo. Kwa baadhi ya watu ugonjwa huanza ubongoni na huchelewa kushuka moyoni. Kwa wengine huanza kwenye neva za mwili na moyo hutoweka miaka kabla ya mikono kutetemeka. Kundi hili la pili ndilo lenye tabia ya kuigiza ndoto mapema. Parkinson inayotokana na mabadiliko ya jeni ya PRKN mara nyingi huacha moyo mzima, kwa kuwa miili ya Lewy huwa haipo au ni michache.

Na vigezo vya kimataifa vya mwaka 2017 vya kutambua demensia ya miili ya Lewy havihitaji skani hapa. Sifa kuu mbili kati ya nne (akili kupanda na kushuka, maruweruwe, kuigiza ndoto, dalili za Parkinson) kwa mtu mwenye demensia zinatosha kusema Lewy yaelekea ipo. MIBG huamua pale ambapo sifa kuu ni moja tu: ikiwa chini, "huenda" inapanda na kuwa "yaelekea". Huyo ndiye mgonjwa anayefaidika zaidi na skani. Kumpima mwenye sifa nne ni kumwongezea mionzi, milisivati 1.4 hivi kwa 111 MBq, kwa jibu ambalo halitabadilisha chochote.

MIBG imeshuka, mgonjwa hana hata sifa kuu moja

Rudia orodha ya dawa na moyo. Namba ikibaki chini, kwa vigezo hivyo vya 2017 ni Lewy "huenda ipo", basi. Alzheimer na Lewy hukaa pamoja katika ubongo mmoja mara nyingi, na skani haitakuambia ni upi unaoleta usahaulifu. Muulize anayelala naye chumba kimoja kuhusu usingizi. Mgonjwa mwenyewe hajui kwamba anapigana ndotoni.

MIBG na DAT zinapingana

DAT chini, MIBG ya kawaida: fikiria MSA, PSP, au Lewy iliyoanzia ubongoni. Baadhi ya wagonjwa wa MSA nao hushuka kiasi kwenye MIBG, kwa hiyo namba ya mpakani haiwatengi. Moyo uliotoweka kabisa ndio unaoelemea Lewy. DAT ya kawaida, MIBG chini: fikiria Lewy iliyoanzia mwilini, au dawa na moyo kwa mara ya tatu. Zote mbili za kawaida kwa mtu anayetetemeka na kukakamaa: tafuta dawa inayosababisha Parkinson. Mara nyingi ni ya kichefuchefu au ya saikosisi, na mgonjwa yuko nayo mfukoni.

Kurudia skani

Irudie ikiwa dawa iliyoziba kisafirishi imegundulika baada ya picha, na imeshasimamishwa kwa muda wake wote. Moyo ukirudi kung'aa, kosa lilikuwa la dawa. Neva zilizokufa kwa Lewy hazirudi. Irudie pia kwa mgonjwa wa mpakani, baada ya mwaka au zaidi kama dalili zimesonga. Iwe kamera ileile, kolimeta ileile, dozi ileile na saa zilezile. Katika ripoti yaandikwe hayo yote pamoja na mgawo wa ubadilishaji, H/M ghafi na iliyosanifishwa, kama uvujaji umerekebishwa kwa kuoza na kwa mandharinyuma, na jina la kila dawa iliyosimamishwa pamoja na tarehe ya kidonge cha mwisho.